Mwaka Baba Alipoingia Jikoni

Mwezi uliopita wenzangu wa kazini walinichukua tukale pamoja. Mmoja wetu alikuwa anahamia mji mwingine, na kwa kuwa sisi tunaohudumia wazee huwa hatupati nafasi ya kukaa chini kama watu, tukaamua siku hiyo tukae. Wakachagua mkahawa wa Kijapani hapa Fort Worth. Kabla ya chakula chenyewe kufika, mhudumu aliweka mbele ya kila mtu kibakuli kidogo, na ndani yake mboga za majani zilizokamuliwa, zikakatwa fupi fupi, zikasimamishwa kama kifundo, zikapakwa rojo la ufuta uliosagwa. Baridi, bila mvuke, bila harufu ya kukuita.

Nilionja, nikaweka vijiti chini. Mwenzangu aliyeketi kando yangu aliniangalia, akauliza kama nina mzio wa ufuta. Nikamwambia hapana, hiki ni chakula cha nyumbani kwetu. Wote wakacheka. Walidhani natania.

Sikuwa natania, rafiki yangu. Kwa muda mrefu wa utoto wangu niliamini kabisa kwamba mboga ile ni ya Wakongo. Shuleni Houston mwalimu alipotuambia kila mtu achore chakula cha kwao, mimi nilichora bugali, ugali wetu wa muhogo, nikachora samaki, na kando yake nikachora kifundo cha kijani chenye nukta nukta za ufuta. Mwalimu akanisifu. Mimi na yeye, hakuna aliyekuwa na habari.

Tulikuwa tukikaa mtaa wa Gulfton wakati huo, kwenye yale majengo ya matofali yaliyobanana, ghorofa mbili mbili, mlango wetu ukitazama maegesho ya magari. Ulikuwa mwaka wetu wa kwanza Amerika. Tulikuwa baba, mama, bibi mzaa baba, mimi, na wadogo zangu mapacha wa kiume. Ukifungua dirisha unasikia mabasi, unasikia kengele ya mwuza aiskrimu anayesukuma kigari chake, unasikia watu wakigombana kwa Kihispania na wengine wakipatana kwa Kirundi. Ukifunga dirisha unasikia kiyoyozi tu, kikinguruma kama mtu mzima mwenye kifua. Joto la Houston hulijui mpaka utoke nje saa nne asubuhi, blauzi ikugande mgongoni kabla hujafika kituo cha basi.

Jiko lilikuwa la bibi. Hakuna aliyempa, alipoingia tu siku ya kwanza alifungua kabati zote, akazifunga, akafunga kitambaa kiunoni, basi. Kila Jumamosi jirani mmoja wa kanisani, mwenye gari kubwa, alimpeleka mtaa wa Alief kwenye duka la Waafrika, na bibi alirudi na sombe iliyogandishwa, yaani majani ya muhogo, ndagala, wale dagaa wakavu, mawese mekundu kwenye chupa, unga wa muhogo. Siku hizo uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyetembelea nyumbani akarudi salama. Sombe aliipika tangu asubuhi mpaka mchana. Harufu ilitoka mlangoni, ikavuka magari, na watoto wa Kikongo wa jengo la pili wakajua leo waje kucheza kwetu. Bibi alikuwa na msemo wake: nyumba isiyonukia chakula haina mutu.

Halafu mama akapata mimba, na harufu ikawa adui.

Inabidi nikueleze jambo moja hapa. Kule kambini Tanzania, kabla hatujapanda ndege, mama alikuwa amempoteza mtoto. Mimi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka nguo ndogo zilizofuliwa, zikaanikwa, zikakunjwa, zisivaliwe na mtu. Nyumbani hakuna aliyelitaja tena. Kwa hiyo mama alipoanza kutapika Houston, sote tulikuwa tunafikiri kitu kimoja, na sote tulikuwa tumenyamaza.

Alikuwa akifanya kazi ya kusafisha vyumba hotelini. Akaacha. Alitapika uji, alitapika mkate, alitapika maji. Bibi akiweka mawese kwenye sufuria, mama aliyelala chumbani mlango umefungwa alikuwa ameshaanza kukimbilia choo. Mashavu yake yaliingia ndani. Pete yake ya ndoa ikawa inazunguka yenyewe kidoleni, mwisho akaivua, akaifunga kwenye pembe ya kitenge.

Tulikwenda kliniki kwa basi, mama, baba na mimi. Daktari alipiga simu ya mkalimani, na sauti ya mwanamke ikatoka kwenye spika ikizungumza Kiswahili cha pwani, kitamu, kirefu, kama taarabu. Ikauliza, "Je, bibie, unahisi kichefuchefu wakati wote, au nyakati za asubuhi pekee?" Mama akanigeukia mimi. Nikamwambia, "Anauliza kama unataka kutapika kila saa." Mama akaiambia ile simu, "Kila saa, dada yangu. Hata sasa." Daktari alisema uzito wake unashuka vibaya, na kama hali haibadiliki watamlaza. Ale chochote kitakachokaa tumboni, kidogo kidogo, kisicho na harufu, ikiwezekana cha baridi.

Baba alieleza hayo yote nyumbani. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, na alichosikia ni kwamba mkwe wake hali chakula cha kutosha. Kesho yake akapika zaidi.

Nakumbuka sahani ile. Bugali mweupe, laini, na ndagala katika mchuzi wa nyanya, walivyokuwa wakipendwa na mama. Bibi aliingia nayo chumbani mwenyewe, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Kula hata tonge moja, mama," akamwambia. Bibi alimwita mama yangu mama, kama watu wa kwetu wanavyowaita wakwe zao wanapowapenda.

Mama alikuwa amefunika pua kwa kitenge. "Mama, unisamehe. Harufu."

"Harufu ya nini? Harufu ya chakula?"

Mama alikaza kitenge puani. Aliisukuma sahani kwa vidole viwili, polepole, kwa heshima, lakini aliisukuma. Bibi akasimama. Akachukua sahani yake, akatoka bila kunitazama.

Wewe kama hukulelewa kwetu utasema ni jambo dogo. Si dogo. Mkwe akikataa chakula cha mama mkwe, watu hawaulizi kuhusu tumbo lake. Wanauliza mama mkwe ametia nini. Na mwanamke aliyewahi kupoteza mtoto akikataa mkono wa mama mkwe wake, basi maneno hayo yanaweza kupita kanisa zima kabla ya sadaka kukusanywa. Bibi alijua hivyo. Baba aliporudi kazini alimkuta amekaa jikoni, mikono juu ya mapaja, sufuria zote zimeoshwa na kupinduliwa.

"Mke wako anakataa mukono wangu," akamwambia. "Nimemukosea nini?"

Baba alisema, "Hujamukosea kitu, mama. Ni ugonjwa."

"Ugonjwa unachagua sufuria?"

Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Kambini alikuwa akiimba sauti ya nne kwenye kwaya, ile ya chini kabisa, na watu walisema sauti yake inasikika zaidi ikinyamaza. Houston alizidi kunyamaza. Alikuwa amepata kazi kwenye mkahawa wa Kijapani, mabasi mawili kutoka kwetu. Alianza kwa kuosha vyombo. Baada ya muda mpishi mkuu, Mjapani mzee, mfupi, nywele nyeupe zote, akamtoa kwenye sinki akampeleka kwenye mboga. Kiingereza cha baba kilikuwa kibovu na cha yule mzee hakikuwa bora sana, basi walifundishana kwa mikono. Baba alituhadithia kwamba siku moja alimweleza kuwa watoto wake humwita baba, na yule mzee akacheka mpaka akashika meza, kwa sababu katika lugha yao baba ni bibi kizee. Tangu siku hiyo alimwita hivyo hivyo, Baba, na kila akimwita hutabasamu.

Huyo mzee ndiye ambaye baba alimwendea. Alitusimulia baadaye, sisi tukiwa wakubwa, jinsi alivyoeleza: alichora tumbo kubwa hewani kwa mkono, kisha akatoa mkono mdomoni kuonyesha kutapika, kisha akaonyesha mashavu yaliyoingia. Yule mzee safari hii hakucheka. Aliacha kisu. Siku iliyofuata alimpa baba mfuko wa ufuta uliokwisha kukaangwa na kichupa cha mchuzi mweusi wa soya, akamsimamisha mbele ya jiko, akamwonyesha tena ile mboga ambayo baba alikuwa akiiandaa kila siku kwa ajili ya wateja. Akamwonyesha taratibu, kama mtu anayemwelekeza njia mgeni ambaye hatarudi kuuliza tena.

Jumatatu mkahawa ulikuwa unafungwa. Asubuhi ya Jumatatu, bibi akiwa mezani anachambua maharage, baba aliingia jikoni, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akatupa taulo begani, akateleka sufuria.

Bibi alimwangalia. "Unataka chai? Si useme?"

"Napika, mama."

Wadogo zangu waliacha katuni wakaja kusimama mlangoni. Hatukuwahi kuona kitu kama kile. Baba alikuwa amenunua mafungu ya spinachi, yale mabichi yenye mizizi myekundu. Aliyaosha mara kadhaa. Maji yalipochemka akatia chumvi, akashika mafungu kwa ncha za majani, akazamisha mashina kwanza, akangoja, halafu akaachia yote. Na hapo akaanza kuimba. Sauti ya chini, pole, ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani. Tulidhani ana furaha. Kumbe ndiyo saa yake: ubeti ukiisha, mboga zinatoka.

"Haijaiva hiyo," bibi akasema.

"Imeiva."

"Hata sungura hawezi kusema imeiva."

Baba akazitupa kwenye beseni la maji ya barafu. Majani yalibaki kijani kibichi, yanang'aa, si ile rangi nzito tuliyoizoea. Akaniita mimi. "Kamua. Kwa nguvu, lakini usiyachane." Nikazamisha mikono, nikapiga kelele kwa baridi. Vidole viliuma mpaka kwenye mifupa. Nilikamua, maji ya kijani yakatiririka mpaka kwenye viwiko, na lundo kubwa lile likawa konzi moja tu.

Shida ikaja kwenye ufuta. Yule mzee alikuwa na bakuli la udongo lenye mistari ndani, la kusagia. Sisi hatukuwa nalo. Baba alitia ufuta kwenye kikombe cha chai, akachukua chupa ndogo ya soda, akaanza kuponda kwa kitako chake. Ufuta uliruka kila upande. Ulitua kwenye maharage ya bibi, ulitua sakafuni, ulitua kwenye nywele za mapacha. Kilichobaki kikombeni, nusu nzima na nusu vumbi, alikitia sukari kidogo na mchuzi wa soya, akakoroga, akachanganya na mboga iliyokatwa. Akaweka kwenye kisahani. Akaenda chumbani, sisi nyuma yake.

Mama alinusa, akangoja tumbo lijibu. Halikujibu. Akachukua kidogo kwa uma. Akatafuna muda mrefu huku amefumba macho. Akachukua tena. Baba alikuwa amesimama na taulo lake begani kama mhudumu anayengoja kuambiwa. Hatukusogea. Kiyoyozi kikanguruma, mwuza aiskrimu akapita, na mama hakukimbilia choo.

"Imekaa," akasema mwisho. Baba akageuka ukutani, akajifuta uso na lile taulo.

Tangu siku ile alipika kila asubuhi kabla ya kwenda kushika basi. Na tangu siku ile bibi, akisikia maji yanachemka, alichukua kiti cha plastiki akatoka nje, akakaa mbele ya mlango akitazama magari. Hakugomba. Alikaa tu amewapa mgongo. Mwanawe yuko jikoni na mkwe wake anakula kutoka kwa mkono mwingine, si wake. Sidhani kama alijua lipi linamwuma zaidi. Mimi nilikuwa nikimletea chai pale nje. Alikuwa akinishika mkono, akauliza, "Leo amekula?" Nikisema ndiyo, alisema, "Mungu ni mwema," kisha akatazama tena magari.

Juu yetu alikuwa akikaa mama mmoja Mrundi, mcheshi, mwenye sauti ya kuvuka barabara. Mume wake alifanya kazi hotelini pia. Asubuhi moja alishuka ngazi na kapu la nguo akielekea chumba cha mashine za kufulia, akasikia baba anaimba, akachungulia dirishani, akamwona na taulo begani anakata mboga. Akaangua kicheko.

"Mama, kumbe ni kweli! Nimesikia nikakataa. Mtoto wako amegeuka mwanamke?"

Nilikuwa nimesimama na kikombe cha chai. Nilijua bibi mwenyewe alikuwa akiona aibu ile ile. Ndiyo maana alikuwa nje. Lakini alikiweka kikombe chini, akamwangalia yule jirani toka miguuni mpaka kichwani.

"Mume wako anafanya kazi gani?"

"Si unajua, mama. Hoteli."

"Hoteli anafanya nini?"

"Anatandika vitanda."

"Anatandikia wazungu vitanda, na akirudi kwako analala kitanda kimetandikwa na nani?"

Yule mama akahamishia kapu kiunoni upande wa pili.

"Mutoto wangu," bibi akasema, "anapikia watu asiowajua mpaka usiku. Asubuhi anapikia mke wake. Mke wake anakula. Wewe unacheka nini?"

Jirani akalitua kapu. "Nisamehe, mama," akasema, na alisema kwa kweli, kwa sababu kicheko kilikuwa kimemtoka chote. "Hali ya mama wa humu ikoje?"

"Anakula," bibi akajibu. Akainuka, akabeba kiti chake, akaingia ndani.

Baba alikuwa anaponda ufuta kwenye kikombe. Bibi alisimama nyuma yake akatazama. Ufuta mwingine ukaruka, ukampiga shavuni.

"Leta hapa," akasema. "Unatwanga kama mutu anaua nyoka."

Alikuwa na kinu kidogo cha mbao alichonunua Alief kwa ajili ya pilipili na vitunguu saumu. Alikiosha kwa maji ya moto, akakinusa, akakiosha tena. Akatandika mkeka katikati ya jiko, akakaa chini amenyoosha miguu, kinu katikati, na akaanza. Hakuponda; alitwanga kidogo, akazungusha mchi, akatwanga, akazungusha. Sauti yake ilikuwa ya chini na ya kufuatana, kama ya mtu anayetembea bila haraka. Hakuna hata punje iliyoruka. Baada ya muda ufuta ukaanza kutoa mafuta, ukashikana, ukang'aa. Bibi akachovya kidole, akalamba, akachovya tena.

"Ni ndugu ya karanga huyu," akasema. "Kumbe si kitu kigeni. Ni lengalenga, mchicha wetu wa karanga, imevaa nguo ya watu wengine."

Baba akaweka sukari na soya, safari hii bibi akimwelekeza kiasi. Yeye mwenyewe akachanganya kwa mkono. Yeye mwenyewe akabeba kisahani. Aliingia chumbani, akakaa pale pale ukingoni mwa kitanda alipokuwa amekaa siku ile.

"Mama," akamwambia mkwe wake, "mume wako amechemsha, mutoto wako amekamua, mimi nimetwanga. Sasa kataa watu watatu kama unaweza."

Mama alicheka. Hatukuwa tumesikia kicheko chake tangu alipoanza kutapika. Akala, akamaliza, akapangusa kisahani kwa kidole. Bibi akakaa na kisahani kitupu mapajani, hataki kukitoa.

Basi ikawa hivyo kila siku. Spinachi ikikosekana baba alileta maharage mabichi, au karoti zilizokatwa nyembamba, au brokoli ambayo bibi aliiita miti. Ufuta ule haukubagua. Na yule mama wa juu, siku chache baada ya maneno yale, alishuka akamwambia bibi kwamba jiko lake lina nafasi. Kuanzia hapo sombe na ndagala vilipikwa juu, wao wawili wakipiga soga, na sufuria ikashuka ngazi imefunikwa kitambaa kilicholowa ili harufu isitangulie. Sisi tulikula nje kwenye ngazi, sahani magotini, kimya kama wezi, tukitafuna kwa ajili ya mama. Daktari alimpima akatikisa kichwa kwa furaha. Hakulazwa.

Mtoto alizaliwa wakati joto lilipoanza kupungua. Wa kiume, mdogo, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Bibi alimwogesha, akamkanda, akamtazama kidole kimoja kimoja, na nguo za kwanza zilipoanikwa kwenye kamba bafuni alikaa chini yake akalia wazi wazi, bila kuficha, na mama akaja akaketi naye.

Mama alipotoka hospitali, chakula cha kwanza alichoomba kilikuwa sombe. Yenye mawese, akasema, na ndagala wengi. Bibi alimwangalia kutaka kuhakikisha, kisha akafunga kitambaa kiunoni. Alipika siku nzima, jiko letu, madirisha wazi. Baba alipotoka kazini alinusa tangu kituo cha basi. Hivyo ndivyo alivyotuambia. Aliingia, akasimama mlangoni mwa jiko, akaona hakuna nafasi yake tena, akatundika taulo kwenye msumari akaenda kumpakata mtoto. Hakuna aliyemfukuza. Mambo yalirudi tu mahali pake, na sisi watoto tulishangilia sombe, hatukujua kitu kingine kilikuwa kinaondoka.

Hakupika tena. Baada ya mwaka au zaidi yule mzee Mjapani aliugua magoti, akaacha kazi akaenda kuishi na binti yake mji wa mbali. Baba akapata kazi ghalani, ya kupakia na kupakua. Tukahamia Alief. Mama wa juu na familia yake wakahamia jimbo lingine, na kwa muda walipiga simu, halafu simu zikapungua. Bibi tulimzika Houston, siku ya mvua, wanakwaya wakiimba chini ya miavuli. Yale majengo ya Gulfton nilipita karibu nayo mwaka jana nikiwa nimekwenda kuwaona wazazi. Wamepaka rangi ya kijivu, wameweka geti la umeme, hata jina limebadilika. Mlango wetu una kengele yenye kamera. Sikubonyeza.

Niliporudi Alief siku hiyo nilimkuta mama anachambua mchele. Baba alikuwa amelala sebuleni, televisheni ikimtazama. Nikamwuliza mama swali ambalo sijui kwa nini sikuwahi kumwuliza: ile mboga ya ufuta ilikuwa tamu kiasi gani kwake, mpaka tumbo lililokataa kila kitu likaikubali?

Mama aliinua uso. "Ile? Sikuipenda hata siku moja. Mboga gani ina sukari?"

"Mama! Ulikula miezi yote ile."

"Siku ya kwanza nilikula kwa sababu ilikuwa baridi. Ikakaa, nikamushukuru Mungu." Aliendelea kuchambua, akatupa jiwe pembeni. "Halafu nikawa nalala mule chumbani nawasikia. Baba yako anaimba ule ubeti wake. Weye unalalamika maji ya baridi. Bibi yako anatwanga. Mutu unasikia watu wanakufanyia kazi namna ile, nyuma ya ukuta tu. Utakataaje?"

Tangu siku ya ule mkahawa nimeipika mara kadhaa hapa kwangu. Ni kazi ya dakika chache. Ufuta nanunua umeshasagwa, rojo lenyewe lipo dukani kwenye chupa, spinachi inakuja imeoshwa. Watoto wangu wanakula wakisema, "It's good, Mom," macho kwenye simu. Nyumba yangu ni kubwa, nashukuru. Vyumba viko juu, jiko liko chini, zulia limetandikwa njia nzima, na mtu akilala kule ndani hasikii kitu.